Cherehani Imekuwa Nzito Baada ya Kutiwa Mafuta ya Saladi

SWALI: Ninashona sare za shule nyumbani kwangu Kaptembwo, Nakuru. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya miguu, niliyonunua ikiwa imetumika. Mwezi wa nne mafuta yake yaliisha nikatia ya saladi, na kwa wiki mbili hivi ilienda vizuri kabisa. Kisha nikasafiri Bungoma kumuuguza mama. Niliporudi baada ya miezi miwili niliikuta nzito, inalia kra-kra, uzi unafanya vifundo chini ya kitambaa, na shati jeupe la mteja likaingia doa la mafuta. Niioshe kwa nini, nitie mafuta wapi, na mara ngapi? Dada yangu wa Kisumu ana ndogo ya stima. Naye afanye vivyo hivyo?

JIBU: Pole dada, na mama apate nafuu. Kwanza, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Cherehani yako haijavunjika, imeshikwa na gundi tu, na gundi hiyo inatoka.

Mafuta ya kupikia hutokana na mbegu. Yakibaki utando mwembamba juu ya chuma hushikana na oksijeni ya hewani, yakawa mazito kama asali, baadaye yakakauka kama vanishi. Unaijua hali hiyo kutoka jikoni: ule weusi wa kahawia unaonata nje ya karai la kukaangia, ambao sabuni peke yake haiuwezi. Ndio huo sasa uko ndani ya matundu ya cherehani. Wiki mbili za mwanzo mafuta yalikuwa bado mabichi, ndiyo maana ukaona kazi inaenda. Miezi miwili ya kukaa bila kuzunguka ndiyo iliyoyapa nafasi ya kukauka. Mafuta ya nazi nayo hayafai. Huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, na asubuhi ya Nakuru haifiki hapo. Oili ya gari ni nzito mno na hutia doa, na ile chafu iliyomwagwa gereji ina masizi na chembe za chuma ndani yake.

Shida ya pili ni vumbi. Inasemekana jina Nakuru lenyewe kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi, na wewe wa Kaptembwo huhitaji kukumbushwa mwezi wa kwanza na wa pili. Udongo wa huku una majivu ya volkano ndani yake, chembe ndogo zenye makali. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, unga mweupe ambao mojawapo ya kazi zake ni kung'arishia vyuma. Vumbi la namna hiyo likichanganyika na mafuta yanayonata, umejitengenezea msasa wa majimaji ndani ya mashine. Kwa hiyo tafadhali usianze na chupa ya mafuta, hata kama ni mafuta mazuri. Safisha kwanza, kausha, ndipo utie. Mwenye kumiminia mafuta juu ya uchafu husikia mashine imelainika siku hiyo, asijue kwamba anazidi kukisaga chuma.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta uzito uko wapi. Watu wengi hufungua kichwa kizima kumbe tatizo liko miguuni. Toa mkanda kwenye gurudumu la mkono, kisha zungusha gurudumu hilo kwa kidole, kuelekea kwako. Likizunguka laini, kichwa hakina neno: kagua stendi na mkanda. Likiwa zito, legeza ile nati kubwa ya mviringo iliyo katikati ya gurudumu, ile unayolegeza ukitaka kujaza bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) bila sindano kupanda na kushuka. Sasa zungusha tena. Gurudumu peke yake likiwa zito, gundi iko kwenye shafti chini yake, au kuna uzi umejizungusha nyuma yake. Hili la uzi hutokea sana, na uzi mmoja tu uliojisokota hapo hukaza kama breki. Gurudumu likiwa jepesi lakini likawa zito ukikaza nati, ubaya uko ndani ya kichwa au chini kwenye shato, kile chuma kinachounasa uzi wa juu na kuupitisha kwenye bobini. Angalia pia kama kijigurudumu cha mpira cha kujazia bobini kimeachwa kimegusa mkanda au gurudumu. Nacho hufanya cherehani nzima iwe nzito, na kukirudisha ni kazi ya sekunde moja.

Kwa maelezo yako naamini ni kichwa kizima. Basi tayarisha bisibisi mbili, ya ubapa mpana na nyembamba, ziwe na ncha nzima maana bisibisi iliyolika huharibu vichwa vya skrubu za zamani. Tafuta brashi ndogo ngumu ya rangi au mswaki mkuukuu, vijiti vya meno, vipande vya fulana kuukuu ya pamba, sahani ya kuwekea skrubu, magazeti ya kutandika, mafuta ya taa robo kikombe, na chupa ya mafuta ya cherehani yenyewe. Haya ya mwisho yawe meupe kama maji, mepesi, yasiyo na harufu kali. Yakiwa ya njano iliyokolea, au yakinata ukiyasugua kati ya vidole viwili, yaache dukani.

Najua unachofikiria kuhusu bei, basi tupige hesabu. Tone moja ni karibu mililita 0.05. Kichwa kizima cha cherehani yako hakihitaji zaidi ya matone 20 hivi, yaani mililita moja. Chupa ya mililita 100 ni huduma 100. Ukitia kichwa kizima mara moja kwa wiki, chupa hiyo inakupeleka karibu miaka miwili.

Fanyia kazi nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko, koroboi na sigara. Mafuta ya taa ni mafuta ya taa. Petroli usiiguse kabisa kwa kazi hii. Thina na spiriti nazo ziweke mbali na ule weusi unaong'aa na maua ya dhahabu, kwa sababu vichwa vya zamani vingi vilipakwa lakeri inayoyeyuka kwa spiriti. Ukifuta mara mbili tu, maua yote yamehamia kwenye kitambaa. Kwa kufuta nje, kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kinatosha.

Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kitu. Toa uzi, toa sindano, toa futi (ule mguu unaobana kitambaa). Usipoangalia sindano ilivyokaa kabla ya kuitoa utahangaika baadaye. Upande wake wenye ubapa uliangalia wapi? Ndiko utakakorudi. Katika vichwa vya aina ya Singer 15 na wenzake kama Butterfly, ambavyo ndivyo vingi huku kwetu, ubapa huangalia kushoto, na uzi huingia tunduni kutoka kulia.

Anza na bamba la sindano, lile la kung'aa lililo chini ya futi. Lina skrubu mbili. Ukilinyanyua utayaona meno yanayosukuma kitambaa, na katikati ya safu zake utakuta kitu kama kipande cha blanketi ya kijivu. Hiyo ni manyoya ya nyuzi yaliyokandamizwa miezi na miezi, yakanywa mafuta, yakakauka. Wengine hushtuka wakidhani ni sehemu ya mashine. Ing'oe kwa kijiti cha meno, kipande kwa kipande, hadi uone chuma kitupu. Uchafu huo ukijaa huzuia meno yasishuke na kupanda sawasawa, kitambaa kikawa kinasita, mishono mingine mirefu mingine mifupi, na fundi anaanza kuvuta kitambaa kwa mkono. Akivuta, sindano inapinda na kugonga bamba. Kwa hiyo ukiona sindano zinavunjika ovyo, anza kutazama hapa kabla ya kulaumu sindano za dukani. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na inasukuma manyoya ndani zaidi. Piga brashi ukielekeza nje.

Sasa twende kwenye shato, na hapa ndipo penye kra-kra mara nyingi. Zungusha gurudumu hadi sindano iwe juu kabisa, kwa sababu pasipo hivyo shato halitatoka. Shika kile kilimi cha kesi ya bobini, uivute nje. Utaona pete ya chuma imeshikwa na vishikio viwili vidogo, kimoja kila upande (katika vichwa vya zamani sana ni skrubu). Visukume nje kwa pamoja, pete itakuja. Nyuma yake ndipo lilipo shato lenyewe, chuma chenye ncha kama ukucha wa paka, na katikati lina kipini. Kamata kipini, livute. Kitakachobaki ndani ni chuma cha umbo la nusu mwezi ambacho kazi yake ni kulisukuma shato.

Tazama ule mfereji wa mviringo ambamo shato huteleza. Yamkini utakuta ukoko mweusi, na ndani yake vipande vya uzi vya rangi za sare zote ulizoshona tangu mwaka uanze. Kipande cha uzi chenye urefu wa ukucha kinatosha kufanya mashine ilie na kukwama. Chovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, zungusha kidole humo, rudia hadi kitambaa kitoke safi. Osha shato na pete vilevile. Kisha pitisha ukucha wako taratibu kwenye ncha ya shato. Iwe kali na laini. Ukihisi imekwaruza au ina kijitundu, hiyo ndiyo inayokata uzi na kuruka mishono. Mkwaruzo mdogo hulainishwa kwa msasa mwororo kabisa, ule wa namba 1000 kwenda juu, lakini ncha iliyokatika haina dawa. Nunua shato jipya. Kwa vichwa hivi vipuri si tatizo, hata kwa wauza nyuzi utavipata.

Kurudisha: nusu mwezi iko upande mmoja wa duara, shato likae kwenye nusu iliyo wazi, kipini kikikuangalia wewe. Weka pete, funga vishikio vyote viwili. Zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kadhaa. Likigoma, usilazimishe. Umelikosea kidogo tu: toa, angalia picha yako, rudia.

Kabla hatujaacha huku chini, kesi ya bobini yenyewe. Ina bamba jembamba la springi linalobana uzi, na chini yake hukusanyika nta na vumbi. Pitisha kona ya karatasi ngumu chini ya springi, kama kadi ya mwaliko, ukifuata njia ya uzi. Usitumie pini wala wembe, utaacha mkwaruzo utakaokuwa ukikata uzi milele. Ile skrubu ndogo ya springi usiiguse bila sababu, na ukilazimika, robo ya mzunguko ni nyingi. Kuipima, weka bobini yenye uzi ndani, ning'iniza kesi kwa uzi wake. Isishuke yenyewe, lakini ukitikisa mkono kidogo ishuke vidole viwili vitatu, isimame.

Gundi ya mafuta ya saladi sasa. Hakikisha mafuta ya taa uliyooshea shato yamekauka kabisa, kisha weka kichwa juani kwa muda wa saa moja, maana joto hulainisha gundi. Kirudishe kivulini. Fungua bamba la upande wa kushoto, ule wa sindano, na kifuniko cha mviringo cha nyuma kama kipo, kisha laza kichwa nyuma uone tumbo lake. Zungusha gurudumu polepole huku ukimulika kwa tochi ya simu. Kila kinachosogea kinasugua kingine mahali fulani, na mahali hapo ndipo pa kutia. Juu ya mkono wa kichwa utayaona matundu madogo, yaliyo juu ya shafti kuu. Kushoto kuna fimbo ya sindano na fimbo ya futi, na maungio ya ule mkono unaopanda na kushuka na uzi. Kulia kuna shafti inayoingia kwenye gurudumu. Chini kuna shafti mbili ndefu, na kila ncha imeshikwa na skrubu yenye nati.

Kila mahali hapo tia matone mawili ya mafuta ya taa. Sogeza gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo, bila uzi na bila kulazimisha. Ukilikaza kwa koleo utavunja kitu ambacho kimekaa mzima miaka mingi. Acha saa kadhaa, hata usiku kucha. Asubuhi utakuta maji ya kahawia yanachuruzika kwenye gazeti. Futa, tia tena, zungusha. Kwa hali uliyoieleza tegemea kurudia mara mbili au tatu, na mara ya mwisho kinachotoka kiwe cheupe. Usichoke kwenye ya pili. Wengi huishia hapo kwa sababu mashine tayari imekuwa nyepesi, halafu gundi iliyobaki inashika upya kabla mwezi haujaisha.

Ondoa na gurudumu la mkono pia. Legeza ile skrubu ndogo iliyo kwenye nati kubwa, fungua nati, toa washa yenye masikio matatu, vuta gurudumu. Safisha shafti, tia tone moja, rudisha. Ukikuta nati haikazi au haiachii tena, washa imeingia vibaya: izungushe nusu mzunguko ujaribu tena.

Mafuta ya taa husafisha lakini hayalindi. Yakikauka huacha chuma kitupu, na chuma kitupu hushika kutu na kulika upesi. Hivyo usiache mashine hivyo zaidi ya muda wa kuifuta. Dawa za kunyunyiza za kopo za kulegezea nati zilizoshika kutu nazo ni hivyo hivyo. Zitumie kulegeza ukitaka, lakini si mafuta ya cherehani.

Mafuta sasa. Tone moja kila mahali ulipotia ya taa, moja tu, na moja kwenye mfereji wa shato. Kama chupa yako inamimina badala ya kudondosha, chovya ncha ya msumari mrefu safi ndani ya mafuta, iguse kwenye tundu, tone litateremka lenyewe. Bomba la sindano la hospitali, jipya, ni zuri zaidi kufikia pembe za ndani. Zungusha kwa mkono mizunguko 20, kisha rudisha mkanda ukanyage dakika mbili bila uzi. Futa yanayojitokeza nje.

Sehemu zisizotakiwa kuguswa na mafuta ya cherehani hata kidogo ni sahani za tensheni (vile visahani vinavyobana uzi wa juu), mkanda, na mpira wa kujazia bobini. Tensheni na mpira hufanya kazi kwa kubana. Ukizilainisha zimeacha kazi yao. Mkanda wa ngozi ukinywa mafuta hulegea na kuteleza.

Sasa vile vifundo vya chini. Vifundo vikiwa chini ya kitambaa, kosa liko juu. Uzi wa juu haubanwi, kwa hiyo unaachiliwa mwingi na kujikusanya chini. Watu hukimbilia kesi ya bobini na kukaza ile skrubu, wakaharibu kilichokuwa kizima. Inua futi, kwa sababu futi ikiwa juu sahani za tensheni hufunguka. Kunja kipande chembamba cha kitambaa safi, kipitishe katikati ya sahani kama unavyosafisha katikati ya meno. Kwa mashine iliyotiwa mafuta ya saladi sitashangaa kikitoka kinanata. Kikinata, chovya kidogo kwenye mafuta ya taa, pitisha, halafu pitisha kikavu hadi pakauke kabisa. Tunga uzi upya futi likiwa bado juu, ndipo ulishushe. Ukitunga futi likiwa chini, uzi hukaa juu ya sahani badala ya kuingia kati yake, na vifundo vinarudi hata kama mashine ni mpya kutoka dukani.

Stendi usiisahau. Kuna maungio ya pedali pande mbili, ncha zote mbili za ule mti au chuma kinachounganisha pedali na gurudumu kubwa, na ekseli ya gurudumu kubwa lenyewe. Toa nyuzi na nywele zilizojisokota, futa vumbi, tia matone mawili mawili. Hapa chini karibu na sakafu ndipo vumbi la Nakuru linapotua, kwa hiyo futa mara kwa mara kuliko unavyotia. Ukisikia ko-ko-ko kila ukikanyaga, nati ya ungio imelegea. Kaza skrubu kidogo mpaka mchezo uishe lakini pedali ibaki inateleza, halafu ndipo ukaze nati. Mkanda nao ukiukaza mno kichwa kinakuwa kizito upya, na ukilegea unateleza kwenye kitambaa kinene. Ubonyeze katikati kwa kidole, uzame kidogo, si kuwa mkakamavu kama waya wa gitaa.

Kuhusu mara ngapi, inategemea unashona kwa muda gani, si kalenda. Unayeshona sare kuanzia asubuhi hadi jioni, kila jioni fungua kesi ya bobini, piga brashi, tia tone moja kwenye mfereji wa shato. Kichwa kizima mara moja kwa wiki, na msimu wa kufungua shule, Disemba na Januari, mara mbili. Bamba la sindano lifunguliwe kila wiki pia. Ukipokea oda ya trakisuti za flisi, lifungue kila siku, maana flisi hutoa manyoya kuliko kitambaa chochote cha sare. Mtu anayeshona mara moja moja, kila baada ya saa nane hivi za kushona inatosha, na huo ndio wakati wa kubadilisha sindano vilevile. Kabla ya safari ndefu, safisha na utie mafuta siku hiyo ya kuondoka, wala usingoje urudi. Funika kichwa kwa foronya au leso. Inazuia vumbi na inapumua.

Tia mafuta jioni, si asubuhi. Usiku yanapenya, ya ziada yanashuka. Weka kipande cha kitambaa chini ya futi, lishushe juu yake kiyanywe. Asubuhi futa fimbo ya sindano, kisha shona kwenye kitambaa kibovu mistari mirefu mitatu minne, uangalie pande zote mbili kama pametokea doa. Pakiwa safi ndipo shati la mteja lipande mezani.

Dada yako wa Kisumu asiige yote haya. Kwanza achomoe plagi ukutani, si kuzima swichi tu. Za stima nyingi za siku hizi zina gia za plastiki na sehemu zilizotiwa mafuta kiwandani, kwa hiyo mafuta ya taa yasikaribie, mota isifunguliwe, na nyaya zisiloweshwe. Aangalie bobini inaingia wapi. Ikiingia kwa mbele au pembeni ndani ya kesi ya chuma kama yako, kuna shato la chuma, naye atasafisha na kutia tone moja hapo. Ikidondoshwa kutoka juu, kwenye kikombe cha plastiki cheusi, basi kwa nyingi ya mashine hizo kikombe hicho hufutwa kikavu bila mafuta. Mafuta yakitiwa hapo hugandisha manyoya yakawa matope. Kijitabu cha mashine yake kikitaja mahali pa kutia, akifuate. Aipapase sakafu ya kikombe hicho pia. Sindano ikigonga huacha kijishimo, uzi unanasa hapo, na mtu hutafuta kosa la tensheni wiki nzima. Kijishimo kidogo hulainishwa kwa msasa mwororo. Kikubwa, abadilishe kikombe.

Adui wake yeye ni unyevu wa ziwani. Manyoya ya nyuzi chini ya bamba hunyonya unyevu kama sponji, na kutu huanzia hapo hapo, kwenye meno na skrubu. Kwa hiyo asafishe chini ya bamba kila wiki hata kama hajashona sana, na asiifunike kwa mfuko wa plastiki uliobana. Kutu nyepesi ya kahawia akiisugua kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani itatoka. Steli waya ya sufuria asiipeleke kwenye chuma ambacho uzi hupita juu yake.

Ukimaliza yote na mashine bado inaruka mishono, sindano ikiwa mpya na shato zima, basi huenda sindano na shato hazikutani kwa wakati. Hilo mpelekee fundi wa mashine, maana ukianza kulegeza skrubu za fimbo ya sindano bila kuweka alama hutajua zilikuwa wapi.

Na lile shati jeupe: usilipige pasi kamwe doa likiwa bado, joto litalikaza, hasa kwa kuwa hayo ni mafuta ya saladi. Nyunyizia poda ya mtoto pande zote mbili, acha ikae saa moja inyonye, pangusa. Kisha tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye doa likiwa kavu, bila maji kwanza, sugua kwa vidole, iache robo saa, ufue kwa maji ya moto kiasi ambacho kitambaa kinaweza kustahimili. Lianike, ulitazame kwenye mwanga wa jua. Likiwa bado na kivuli cha njano, rudia sabuni kabla pasi haijakaribia.